Mhadhara wa Kihistoria Kuhusu Volyum ya Taa

Mabibi na mabwana wa Umoja, wageni wetu kutoka Kayole na Dandora, na wewe konda uliyeingia kuchaji simu tu: ketini. Leo naifunua Saketi Yangu.

Wenye wivu watasema imo kwenye karatasi za National Semiconductor tangu miaka ya 1970, Bob Dobkin alipobuni kile kidude cha miguu mitatu, LM317. Sikatai. Mmarekani yule hakuwa na namna ya kujua kwamba nitazaliwa, akaharakisha.

Shida yetu Eastlands ni hii. Tangu Rais Uhuru Kenyatta aruhusu michoro irudi kwenye matatu mwaka 2014, kila nganya inataka kung'aa. Fundi anafunga taa za LED na kipinga kimoja, anawasha, anapiga picha. Injini ikinguruma, volti 24 za betri zinapanda hadi 28, na LED ikiongezewa volti kidogo hunywa mkondo kupita kiasi. Inaungua kabla mwenye gari hajamaliza kulipa. LED hailishwi volti, jamani, hupimiwa mkondo!

Sasa andikeni. LM317 hushikilia volti 1.25 kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha. Weka kipinga hapo katikati, gawanya 1.25 kwa omu zake, mkondo ndio huo. Omu 10, miliampia 125. Unganisha nacho volyum ya omu 100 mfululizo, na mteja atazungusha apendavyo, kutoka 125 kushuka hadi 11. Volyum iwe ya waya, wati 2. Ile ya redio haifai. Na kile kipinga cha omu 10 msikiondoe hata konda apige magoti. Ndicho kidhibiti mwendo cha Waziri Michuki cha mwaka 2004: kanyaga utakavyo, kilomita 80 kwa saa huzipiti. (Najua mlivyovifanya vile vidhibiti. Ndiyo maana nasema.)

Mgongo wa chuma wa LM317 umeungana na mguu wa kutoa. Mwanafunzi wangu pekee aliufunga kwa bolti moja kwa moja kwenye bodi ya basi. Taa zikabaki giza, kidude kikapata moto hadi kikajizima chenyewe. Kina akili kumshinda. Wekeni maika katikati.

Joto nalo ni sayansi. Taa 4 mfululizo zikila volti 12 kati ya 28, kipinga huchukua 1.25 yake, na kidude kinameza karibu 15 na kuzigeuza joto, kama wati 2. Zifikisheni taa 6, kitabaki na wati 1 na ushee.

Naona mkono huko nyuma. Eti kwa nini tusinunue kule Barabara ya Luthuli vile vibodi vya Kichina vya skrubu mbili, ya volti na ya mkondo, vinavyokatakata umeme badala ya kuuchoma, wala havipati joto kama changu?

Kijana, kitu kisichopata joto, mteja atajuaje kinafanya kazi? Keti.