Tetekuwanga Nyumba Nzima

Homa ya binti yangu Salma ilianza jioni. Asubuhi alipovuliwa gauni aogeshwe, tumbo na mgongo vilikuwa vimejaa vidoa vyekundu. Mama mkwe akasema ni joto, shangazi akasema ni surua. Ilipofika adhuhuri baadhi ya vidoa vilikuwa vimetunga maji kama matone ya umande, na ubishi ukaisha: tetekuwanga.

Ukitaka kuijua, usitazame kipele kimoja. Tazama kipande kimoja cha ngozi, utakuta kidoa kipya, lengelenge na kigaga kikavu vimekaa pamoja, kwa kuwa vipele hutoka kwa awamu, siku kadhaa mfululizo. Hujaa zaidi kifuani, mgongoni na usoni kuliko mikononi na miguuni. Vingine hutokea kichwani kati ya misuko, hata mdomoni. Ndiyo maana Salma alilikataa chungwa alilokuwa akililia.

Kwa mtoto mwenye afya ugonjwa huu hupona wenyewe. Kazi ni mwasho. Tulimkata kucha, tukampaka kalamini. Mama mkwe alichemsha muarobaini wa kumwogeshea, nami nikasimamia tu maji yapoe kwanza. Homa tuliituliza kwa parasetamoli. Aspirini hapana kabisa: kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuharibu ini na ubongo.

Kilichotutia kiwewe ni wifi, mke wa kaka yangu. Alikuwa basini akitokea Korogwe, mjamzito wa miezi saba. Mjamzito asiyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kupata nimonia kali, na mtoto naye huwa hatarini. Mume wangu alimpokea stendi akampeleka moja kwa moja kwa jirani, nami nikampigia simu mama wa wifi.

“Shikamoo mama. Wifi aliwahi kuugua tetekuwanga?”

“Marahaba mwanangu. Aliugua yeye na kaka zake wote. Mwangalieni kovu juu ya nyusi.”

Kovu lilikuwepo. Hata hivyo alilala kwa jirani, na kesho yake akaenda kliniki kuuliza.

Mwanangu Idi tulimhamishia chumba kingine, lakini tulikuwa tumechelewa: mgonjwa huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza, hadi vyote vikauke. Kisha kwa aliyeambukizwa virusi hukaa kimya siku 10 hadi 21. Salma alikwisha kurudi shule Idi alipoinua fulana yake wakati wa chakula: “Mama, na mimi ninavyo.” Vilikuwa vingi kuliko vya dada yake, kama itokeavyo mara nyingi kwa mtoto wa pili kuugua katika nyumba moja. Kucha zake zikakatwa kabla hajalala, na mwalimu wake akapelekewa ujumbe usiku uleule.