Kuisifu Barua ya Uhitaji

Mnazi tumeshausifia kwa kila kiungo chake, tangu mzizi hadi kuti, lakini sijaona aliyepoteza wino kwa ajili ya Barua ya Uhitaji, na huo ni utovu wa shukrani. Daktari wa Tanzania, Kenya au Uganda anayetaka kusomea ubingwa Marekani kwa viza ya J-1, njia wanayopita wengi, ana mdhamini mmoja tu: ECFMG, taasisi yenye makao yake Philadelphia. Akishafaulu USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, akathibitisha kwa mtihani mwingine kwamba Kiingereza alichosomea udaktari ni Kiingereza kweli, akapata na hospitali ya kumpokea, bado hadhaminiwi mpaka wizara ya afya ya kwao iandike barua. Barua husema mambo mawili: kwamba nchi ina uhitaji wa wataalamu wa fani anayokwenda kusomea, na kwamba yeye ameiahidi serikali yake kwa maandishi kuwa atarudi kuifanyia kazi fani hiyo. Maneno yenyewe yametungwa katika kanuni za Marekani. Wizara inajaza jina, inajaza fani, inatia saini, inagonga mhuri. Sentensi mbili.

Ufupi huo ni sifa tosha, lakini barua hii haiishii hapo. Humfundisha daktari jiografia ya korido na tofauti kati ya masijala ya wazi na masijala ya siri. Humjulisha kwa mtu anayekaimu nafasi ya anayekaimu. Hizo ni sifa ndogo, nazipita. Sifa yake kuu ni usahihi wa kitabibu, kwa sababu fani inayotajwa ndani yake lazima ilingane na fani ya mafunzo, na fani ikibadilika, barua nayo ni mpya. Tuseme daktari amekwenda kusomea magonjwa ya ndani kwa miaka 3. Barua yake inashuhudia kwamba taifa linaumwa ndani, na nani atabisha? Akimaliza anataka kubobea katika moyo, miaka 3 mingine. Barua ya kwanza imekufa, inatakiwa nyingine. Sasa taifa, ambalo juzi liliumwa kuanzia koo hadi figo, limegundulika kuwa moyo wake ndio wenye shida. Akitamani kuendelea na umeme wa moyo, ile fani ya mapigo yaliyopoteza mpangilio, itatakiwa barua ya tatu, na nchi nzima, yenye malaria na ajali za bodaboda, itatangaza kwa mhuri kwamba inacholilia hasa ni umeme wa moyo. Hakuna hospitali ya rufaa inayoweza kufuatilia maradhi ya mgonjwa mmoja kwa umakini huo kwa miaka yote hiyo. Barua inafanya hivyo kwa mamilioni ya watu, na haijamgusa hata mmoja.

Ina pia kipaji cha kuchagua msimu. Hospitali za Marekani hutangaza waliochaguliwa Ijumaa ya tatu ya mwezi Machi, na mafunzo huanza tarehe 1 Julai. Katikati kuna Pasaka, kuna Mei Mosi, na kwa Tanzania kuna Bunge la Bajeti, linaloanza Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati wakubwa wa wizara wanaandaa majibu ya waheshimiwa wabunge. Miongoni mwa maswali hayo, kila mwaka, halikosi lile la uhaba wa madaktari bingwa mikoani. Kwa hiyo anayeombwa saini yuko bungeni anaeleza kwamba mabingwa hawatoshi, na anayetaka kuwa bingwa yuko mlangoni kwake anaambiwa mkubwa hayupo. Ningependa kuendelea kusifu, lakini jamani, ni sentensi mbili! Zimeshaandikwa na mtu mwingine! Hospitali iliyoweka nafasi haingoji mpaka hotuba ya bajeti ipite, na daktari asiyefika Julai huweza kupoteza kazi ya miaka mitatu ya mitihani. Basi, turudi kwenye sifa.

Atatokea wa kuniambia kwamba barua hii ni ngao ya nchi maskini, kwamba bila hiyo Marekani ingezoa madaktari wetu wote na kuwabakiza huko. Ni hoja nzito, na ndani yake mna ukweli: mwenye J-1 ya udaktari anatakiwa akae kwao miaka 2 kabla ya kuomba viza za kazi za aina kadhaa au ukaazi wa kudumu wa Marekani. Lakini ngao hiyo iangaliwe inaelekea wapi. Sheria haimpeleki mtu nyumbani, inamfungia tu milango fulani ya Marekani. Akienda Kanada au Ghuba hajaivunja. Akirudi kwao, miaka miwili inahesabika hata kama hakushika kipimo cha moyo siku moja, alimradi alikuwepo. Na utamu uko kwenye msamaha. Kwa wageni wengine wa J-1, serikali ya nyumbani inaweza kuandika kwamba haina pingamizi mtu wake asirudi. Kwa daktari aliye mafunzoni, barua ya namna hiyo haimpatii msamaha. Nchi iliyoandika kwamba inamhitaji haina uwezo wa kumsamehe. Anayeweza ni Marekani, tena kwa hoja ileile ya uhitaji: chini ya mpango wa Conrad 30, ulioanza mwaka 1994, kila jimbo hupewa nafasi 30 kwa mwaka za kuwaombea msamaha madaktari watakaokubali kufanya kazi miaka 3 kwenye maeneo yenye upungufu wa matabibu. Uhitaji wa Kigoma ni sharti la kuondokea. Uhitaji wa North Dakota ni sababu ya kubakia. Tofauti ni kwamba wa pili unakuja na mkataba wa ajira na mshahara.

Hapo ndipo sifa zangu zinapoanza kukosa pumzi, maana siwezi kuendelea kuilaumu Marekani kwa kujua inachokitaka. Barua ina ahadi moja tu, ya daktari. Serikali haiahidi kitu: si nafasi kwenye ikama, si kituo, si mashine ambayo bingwa huyo atakuwa amejifunza kuitumia. Na uhitaji usio na kibali cha ajira tumeshauona waziwazi. Mwaka 2017, baada ya mgomo wa siku 100 wa madaktari wa Kenya, serikali ya Kenya iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania, na Tanzania ikakubali. Nchi yenye hospitali zinazolalamikia uhaba ilikuwa na madaktari wa kuazima. Upande wa pili, madaktari Wakenya walikwenda mahakamani wakisema kwao wapo wenzao wasio na ajira, na mahakama ikasimamisha mpango. Ndipo Rais Magufuli wa Tanzania alipoagiza wale 258 waliokuwa wameomba na kukidhi vigezo waajiriwe hapa nyumbani. Mpaka pale walikuwa wanahitajika na hawana kazi, yote kwa wakati mmoja, na katika nchi mbili.

Nitajibiwa kwamba wizara ya afya haishiki mfuko, na kwamba kuhitaji ni jambo moja, kuwa na fedha ni jingine. Nakubali. Ila anayejua tofauti hiyo asimtake kijana wa miaka 28 aape kurudi kwenye kiti ambacho hakijanunuliwa. Kuna njia nyingine isiyo na viapo. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda yetu, COSECSA, chenye makao Arusha, hufundisha mabingwa wakiwa kazini kwenye hospitali za ukanda huu, na wengi wao wamebaki, kwa kuwa mahali pa kusomea na mahali pa kazi ni palepale. Bado yapo ya kusomea mbali, hasa ubingwa bobezi, na kwa hayo barua itaendelea kuandikwa.

Basi ningeiongezea pambo moja tu, dogo kuliko mhuri wake. Barua nyingi za serikali huwa na neno “Nakala” pale chini. Hii nayo iwe na nakala mbili, moja kwa Utumishi wanaotoa vibali vya ajira, moja kwa Hazina, kila moja ikitaja fani na mwaka ambao mhusika anatarajiwa kurudi. Kanuni ya Wamarekani haidai hivyo, kwa hiyo barua inakwenda bila nakala. Mtu akitaka orodha ya mabingwa ambao nchi hii imekiri kwa mhuri kuwa inawahitaji, fani kwa fani, asihangaike na safari ya Dodoma. Orodha iko Philadelphia.