Kilimo Kisicho na Kazi

Tumpongeze mwalimu wetu wa semina ya uyoga hapa Dar es Salaam. Zao hili, kasema, halina kazi: chumba chenye giza na ubaridi kidogo, basi. Ni kweli tupu. Kuchemsha mabua ya kuoteshea kwenye pipa saa kadhaa si kazi, ni upishi. Kunyunyiza maji asubuhi, mchana na jioni ni ibada. Na joto la Januari, banda la bati likitokota? Uyoga utazoea, wapangaji wa Buguruni mbona wamezoea? Ukungu wa kijani ukivamia mifuko ya mabua, hiyo mboga ya nyongeza. Mwalimu mwenyewe halimi, na huo ndio ukarimu: soko lote katuachia sisi. Kabaki na viingilio tu, na mbegu za kutuuzia.