Kabla Hujaiposa Raba, Ipeleke kwa Fundi

Raba hainunuliwi kama kiberiti. Raba huposwa. Unaulizia ukoo wake, unaulizia ilikolelewa, unataka kujua ikinyeshewa inakuwaje, na siku ikiugua nani ataitibu. Asiyeuliza hayo akakimbilia kulipa, atakaa na mgeni miguuni.

Naandika nikiwa Moshi, mji wa mbio na wa mlima. Kilimanjaro Marathon ikikaribia, alfajiri barabara zinajaa watu wanaojifua. Msimu wa kupanda ukifika, wageni wanashuka na mabuti ambayo bado yananuka gundi. Na siku hizi kila boksi la kiatu lina jani: jani la kijani pembeni, mishale inayofukuzana kwa duara, na maneno ya kuapa kwamba kiatu hiki ni rafiki wa mazingira. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukimbia na kutembea porini bila kuichafua ardhi anayoikanyaga, na anayetaka kuozeshwa vizuri.

Kwanza, mnyamazishe mshenga. Mshenga ni boksi. Amelipwa kusifia, na mshenga hajawahi kukwambia kwamba binti anakoroma. Umoja wa Ulaya wenyewe ulichoka na maneno haya. Mwaka 2024 ulipitisha sheria ya kuzuia sifa za jumla kama "rafiki wa mazingira" zisizo na ushahidi, na utekelezaji wake ukapangiwa Septemba 2026. Kama Wazungu wanaouziana viatu hivi wameona bora wawekeane sheria, na wewe una haki ya kulifunika lile jani kwa kiganja na kukitazama kiatu chenyewe.

Sasa ulizia ukoo. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliichambua jozi ya kawaida ya raba za kukimbilia, kipande kwa kipande. Walihesabu vipande 65 na hatua 360 hivi za kuvitengeneza na kuviunganisha, na hewa ya ukaa iliyotoka kwa jozi hiyo ilikuwa karibu kilo 14. Kwa lugha ya kijiweni, ni kama umechoma lita sita za petroli kabla hujapiga hatua hata moja. Jambo la kushika hapo ni mahali moshi ulipotokea. Zaidi ya theluthi mbili ulitoka kiwandani, kwenye mashine za kuyeyusha, kukandamiza na kubandika vile vipande vidogo vidogo, kwa umeme ambao kwa sehemu kubwa unatokana na makaa ya mawe. Malighafi haikufika hata theluthi.

Ukishalijua hilo, jani linanywea. Linakusifia kitambaa cha juu kwamba kimetokana na chupa za plastiki. Halikwambii kwamba kitambaa hicho kimegandishwa kwa gundi juu ya povu lililotokana na mafuta ya petroli, na kwamba vikishashikana hivyo ni kazi ngumu mno kuvitenganisha. Chupa ingeweza kuwa chupa tena. Ikishakuwa raba, mara nyingi safari yake inaishia dampo.

Wako waliojitahidi, na wanastahili kusifiwa. Mwaka 2021 Adidas na Allbirds walitoa raba ya kukimbilia waliyoipimia kilo 2.94 tu za hewa ya ukaa, na sehemu ya siri yao ilikuwa kupunguza: vipande vichache, mabaki machache, povu lenye miwa ndani yake. Kampuni ya On ya Uswisi nayo ilitengeneza raba inayotumia mbegu za mnyonyo, mmea uleule unaojiotea nyuma ya nyumba zetu bila kualikwa na mtu. Mteja hakuimiliki raba hiyo. Alilipia kila mwezi, na ikichakaa aliirudisha ikasagwe. Wazo lilikuwa zuri. Lakini nauliza, kwa nia njema kabisa: kutoka Majengo, Moshi, mpaka huko ilikosagwa, posta angelipa nani?

Na kuna ndoa ya kuikataa hadharani. Septemba 2023, Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:11:53, rekodi ya dunia ya wakati huo iliyotushangaza sote. Miguuni alikuwa na raba ya Adidas yenye uzito wa gramu 138, iliyouzwa dola 500, na watengenezaji wake walisema wazi kwamba imekusudiwa mbio moja, pamoja na mazoezi machache ya kuizoea. Assefa ni bingwa, na bingwa ana mahitaji yake. Wewe na mimi tunaomaliza nusu marathoni tukiwa tumeshikilia kiuno hatuna sababu ya kufunga harusi ya kilomita 42 halafu talaka jioni.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Wauza raba wengi hushauri uibadilishe ikishafika kilomita 500 hadi 800. Kilo 14 ukizigawa kwa kilomita 700, kila kilomita inabeba gramu 20. Jozi hiyohiyo ukiitibu ikafika kilomita 1,400, mzigo unashuka hadi gramu 10, bila miwa, bila mnyonyo, bila jani. Ndiyo maana mwamuzi wangu wa kiatu cha kijani ni fundi viatu, anayekaa kwenye kigoda, chini ya mwavuli uliofifia rangi, na kisanduku cha mbao mbele yake.

Mpelekee raba kabla hujailipia. Kwa wauza mitumba jambo hili halina shida: muachie muuzaji hela yake mkononi, mwambie unakwenda hatua ishirini na unarudi. Dukani watakukatalia, kwa hiyo piga picha tatu: maungio ya soli pande zote, soli kwa chini, na ndani ukishainua kile kisoli cha kukanyagia. Kisha salimia. "Shikamoo mzee." Usianze na bei. Mpe raba mkononi, unyamaze.

Mzee wangu ana namna yake. Anaipokea kwa mikono miwili, anaifuta vumbi ambalo haina, anaigeuza tumbo juu. Kidole gumba chake cha kulia kina ukucha mnene, mweusi kwa kiwi, na kwa ukucha huo anatembea polepole kwenye mstari ambapo soli inakutana na kitambaa, kuanzia kisigino, kuzunguka pua, kurudi kisigino. Anatafuta pa kuingia. Baadaye anaikunja. Raba nzuri inavunjikia penye vidole, pale mguu wenyewe unapovunjikia. Inayokunjika katikati kama chapati anakurudishia bila maneno. Halafu anaibonyeza ile tabaka laini ya kati na kuhesabu kimoyomoyo inachukua muda gani kuinuka. Mwisho anaangalia raba ngumu ya chini: je, imefunika soli nzima au ni viraka vinne vya mapambo?

Hukumu yake mbaya kuliko zote ina maneno manne. "Haina pa kushika sindano."

Ukisikia hivyo, rudisha. Maana yake kiatu kimetengenezwa kisifunguliwe, kama mtungi uliozibwa. Soli imeyeyushiwa kwenye povu, povu limegandishwa kwenye kitambaa chembamba kama soksi, hakuna ukingo wa kupitishia uzi wa nailoni wala unene wa kukwangua ili gundi mpya ishike. Kikifumuka, kimekufa. Mimi nimeshanunua dukani raba ya namna hiyo, yenye jani kubwa kwenye boksi, nikaipeleka kwa mzee ikiwa na miezi mitano. Alijaribu. Kila sindano ilipopita, povu lilichanika kama maandazi ya moto, akasimama, akanirudishia hela yangu ya gundi. Niliumia, na mpaka leo nikikutana na neno "kijani" kwenye boksi naiona ile sindano ikirudi na makombo.

Kwa hiyo tafuta kiatu chenye pa kushika sindano: kitambaa chenye mwili, ukingo unaoonekana, raba ya chini iliyofunika kote, matundu ya kamba yaliyoimarishwa. Mara nyingi hakitakuwa cha mwaka huu. Nenda soko la Memorial asubuhi, marobota yanapofunguliwa. Pale raba zinaning'inia kwa kamba zao, jozi kwa jozi, zimefuliwa na kujazwa karatasi ili zisimame. Moshi wa kuzitengeneza ulishatoka zamani, haurudi tena kwa sababu umezinunua wewe. Nusa ndani. Linganisha visigino: kimoja kikiwa kimelika upande kuliko mwenzake, mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake na kiatu kimeukariri, kitakufundisha na wewe. Siwezi kusema mtumba hauna madhara. Raba zilizochakaa kabisa nazo hufika ndani ya marobota, zinabaki kwetu na kuwa takataka zetu. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza nguo na viatu vya mitumba taratibu ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ilipokaza ushuru, Marekani ikaisimamishia mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo kule bila kodi. Mpaka tutakapojitengenezea vya kututosha, chagua kwa makini, mjengee muuzaji tabia ya kuleta vizima.

Mabuti ya mlima yana somo lake, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hili halimo kwenye boksi lolote. Soli za mabuti mengi zina tabaka ya poliyurethani. Unyevunyevu wa hewani huila taratibu, na joto huharakisha, hata kama buti limekaa kabatini halijavaliwa. Yangu yalikaa ndani ya boksi chini ya kitanda miaka sita, yamefungwa vizuri, yanang'aa. Nikayavaa kupanda kutoka geti la Marangu kwenda Mandara. Saa ya pili ya safari nikaona njia nyuma yangu ina makombo meusi, kama mtu anayekula keki huku akitembea. Soli ya kushoto ilibaki mtoni, ya kulia nikaifunga kwa kamba ya begi.

Basi kama unapanda mara moja katika maisha yako, usinunue buti. Azima au kodi, mjini hapa zipo. Na kama unalo lililolala, litoe. Wapagazi wa Kilimanjaro, wale wanaoitwa wagumu, hubeba mizigo ya watu hadi kambi za juu, na wengine hufanya hivyo kwa viatu vya shule. Shirika la KPAP hapa Moshi huwaazima mabuti na makoti bila kuwatoza kodi. Buti linalopanda mara ishirini kwa miguu ya wagumu watatu tofauti limefanya kazi iliyolipa moshi wake. Lililopanda mara moja likapigwa picha kwenye kilele cha Uhuru na kurudishwa kabatini linasubiri kuwa keki.

Kuhusu matunzo sitakuchosha. Usiingize raba kwenye mashine ya kufulia, maji ya moto hulegeza gundi. Usiianike kwenye jua la saa saba juu ya bati. Iweke kivulini, ijaze gazeti, ligeuze gazeti jioni. Fungua kamba kabla ya kuvua, maana kisigino kinachokanyagwa kila siku ndicho kinachokufa kwanza. Vumbi letu la volkano ni kama msasa: lipige brashi kabla halijaingia kwenye nyuzi. Na mpelekee fundi mapema, mpasuko ukiwa wa upana wa ukucha. Ukingoja hadi soli ianze kukupigia makofi, gharama imeshapanda.

Akitokea wa kukucheka kwa soli ya kubandikiwa, msimulie mbio za Leadville kule Colorado, maili 100 za mlimani, yaani kilomita 160. Mwaka 1993 alishinda mzee wa miaka 55, Victoriano Churro, Mrarámuri kutoka Mexico, na viatu vyake vilikuwa kandambili zilizokatwa kwenye tairi. Sisi tunaziita katambuga, na kwa kutembea sijaona kiatu kilichozaliwa kwa moshi mdogo kuliko huo. Kwa kukimbia lami sikushauri uanze nazo kesho, misuli ya vigimbi inataka miezi ya kuzoea. Lakini kipande cha tairi chini ya raba ya kawaida, kilichokwanguliwa kikawa chembamba na kushonwa pembeni, ninacho mwaka wa pili sasa, na kimeshika changarawe za Mweka kuliko soli ya kiwandani.

Wiki iliyopita nilipita kwa mzee kuchukua raba ya jirani. Mbele yangu kulikuwa na binti wa darasa la tano kwenye benchi, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi. Mzee alizamisha mkono kwenye gunia lake la vipande, akapapasa, akatoa kitu cha bluu. Nilikitambua. Ni ulimi wa raba zangu za zamani, zile zilizofika mwisho kabisa mwaka juzi nikamwachia. Akaukata kwa kisu kwa umbo la kisigino, akapaka gundi, akaupuliza, akaubandika ndani ya kiatu cheusi cha shule, akagonga mara tatu kwa nyundo.

"Vaa, ukanyage," akamwambia.

Binti akavaa, akakanyaga, akatembea hadi kwenye mti na kurudi. "Shilingi ngapi, babu?"

"Mia tano. Na usikanyage kisigino ukivaa."