Ruta Nne Uani

Saa mbili usiku ni saa ya Mama. Mama mkwe wangu akishakula ugali wa uwele na mlenda, huvuta kiti sebuleni na kumpigia kwa video mwanawe mkubwa aliyeko Maskati. Msimu ule sura ya mwana ilikuwa ikiganda mdomo wazi, sauti ikija baadaye vipande vipande. Tukalaumu bando. Tukanunua kubwa zaidi, mambo yakabaki vilevile.

Tumepanga Nzuguni, si mbali na stendi kuu ya mabasi, kwenye nyumba nne zilizobanana ua mmoja. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa dhati, watumishi wamemiminika na wenye viwanja wamejenga wawezavyo. Kila nyumba ina ruta yake. Mchana, watu wakiwa kazini, intaneti ilikwenda vizuri. Jioni wote wakirudi, ikawa mgonjwa. Ila mume wangu alipochomeka waya toka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, saa hizohizo za jioni, kurasa zilifunguka papo hapo. Kumbe laini ilikuwa nzima. Vurugu ilikuwa hewani.

Shemeji, mdogo wake mume wangu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Morogoro. Akapakua programu inayoonyesha mitandao ya jirani, tukaona ya kwetu chaneli ya 6, ya jirani mmoja 3, ya mwingine 4, ya wa mwisho 8. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zimepangwa kila baada ya megahezi 5, lakini mtandao mmoja hutanda kwenye megahezi 20 hivi. Kwa hiyo zinazoachana kabisa ni 1, 6 na 11. Ruta mbili zikiwa chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Moja ikiwa 3 na nyingine 6, hazielewani, na kila moja humpigia mwenzake kelele. Anayekimbilia 3 kwa sababu ameona hakuna mtu, anajiumiza mwenyewe na kuwaumiza wa pande zote mbili.

Shemeji akatuhamishia 13. Kompyuta ya mume wangu, iliyonunuliwa Marekani, ikawa haiuoni mtandao kabisa. Vifaa vya huko kwa kawaida huishia 11. Akaturudisha 6, akapanua chaneli hadi megahezi 40. Kasi ikapanda kweli, ila haikupita muda mwalimu wa nyumba ya pili akabisha hodi: kwake hakuna kinachofunguka. Tulikuwa tumemmeza.

"Shemeji, tatizo ni hivi vifaa vya zamani," akaniambia. Akaingia kwenye hali za muunganisho, akachagua kizazi cha Wi-Fi kiitwacho n peke yake. Printa yangu ninayochapia kadi za harusi, ya kizazi cha g cha mwaka 2003, ikatoweka. Mwishowe akazima 2.4 yote akabakiza gigahezi 5. Simu ya Mama haiyajui masafa hayo.

"Mmenifungia mlango," Mama akasema, akaenda kulala bila kumwona mwanawe.

Usiku ule niliumia. Mpangilio unaomwacha nje mwenye simu dhaifu kuliko wote nyumbani siuiti kasi, hata kipimo kiseme nini.

Aliyetutoa hapo ni binti yetu wa kidato cha tatu. Alichukua daftari, akapita mlango kwa mlango akiandika chaneli ya kila nyumba, akachora ua wote. Jumapili baada ya ibada majirani tukakaa chini ya mwarobaini. Nyumba nne, chaneli tatu safi: akashauri nyumba mbili za miisho, zilizo mbali zaidi, zishirikiane 1, mwalimu achukue 11, sisi tubaki 6, na wote turudi megahezi 20. Hakuna aliyebisha. Tulikuwa wote tukiteseka kimyakimya, kila mtu akimshuku mwuza bando.

Ndani kwetu tukawasha masafa yote mawili kwa majina tofauti: kompyuta na televisheni kwenye 5, simu ya Mama na printa kwenye 2.4, kwa hali mchanganyiko inayopokea g na n. Ruta tukaitoa nyuma ya friji, tukaiweka juu ya kabati la korido, maana gigahezi 5 huchoka upesi kwenye kuta za tofali za saruji.

Majuzi nyumba ya mwisho imepata mpangaji mpya. Alikuwa bado anashusha godoro kwenye kirikuu Mama alipomfuata na kumkaribisha.

"Karibu Nzuguni, mwanangu. Una ruta?"

"Ninayo, mama."

"Basi iweke chaneli ya 1. Ukishindwa, mjukuu wangu yupo."