Mteja Hukwama Kwanza

Hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, fundi anaweza kukosa uzi, lakini hakosi mshauri. Mimi nashona peke yangu kibarazani kwa cherehani ya miguu, na mshauri wangu ni shemeji, ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti.

"Shemeji, biashara ni mkakati," akasema, akanichapishia vikadi vyenye namba yangu. Nikavigawa sokoni Ruvumera, msikitini, mpaka matangani. Aliyepiga simu kwanza alitaka kujua nani kachapisha vikadi vizuri namna ile.

Wazee wa mtaani wana nadharia yao: mteja haitwi, hukwama. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 2013, wachuuzi walitawanyika kwenye masoko ya mitaa, na wanunuzi wakawafuata. Wapo mafundi waliopata wateja bila kuinuka kwenye kigoda.

Zamu yangu ililetwa na uhaba wa petroli, 2024. Foleni ya magari ilitoka kituoni, ikakata kona, ikalala mbele ya kibaraza changu. Ililala kweli, na madereva ndani yake. Mtu akishinda garini kutwa, hukumbuka kila kifungo kilichodondoka tangu harusi yake. Nikashona zipu, pindo, hata kiti cha gari. Malipo kwa simu, kwa Lumicash.

"Umeuona mkakati?" shemeji akajisifu.

Nikaona foleni ni bahati, lakini kuifuata ni akili. Nikapakia cherehani kwenye mkokoteni hadi kituo kingine. Mzee mmoja wa heshima akanivulia suruali yake, akajifunga kikoi, akajikalia garini. Mguu mmoja nimeshaufumua, ukapigwa ukelele: "Lori limefika!" Foleni ikafumuka kuliko suruali. Petroli husubiriwa, haimsubiri mtu. Mzee akaondoa gari.

Kwenye pampu ikabidi ashuke kulipa. Umati ukamtazama, kuanzia koti na tai hadi kikoi.

"Mzee wetu, suruali iko wapi?"

"Kwa fundi yule pale!" akanguruma, akininyooshea kidole.

Hakuna kikadi kilichowahi kunitangaza kwa sauti kama ile. Jioni hiyo hiyo watu wakaja kuniuliza kama ndiye mimi fundi wa yule mzee. Wengi walikuja kucheka, na wakishacheka huona aibu kuondoka bila kuacha kazi.

Tangu hapo kituo kikikauka, mimi huitia cherehani mafuta. Hayo yake bado yanapatikana.