Kitalu cha Mkwe

Binti yangu kaolewa Ujerumani, na kosa langu ni kuishi Songea. Baba mkwe wake anataka kuja kuwinda nyati. "Baba, si wanyama wako hapo hapo kwako? Mchagulie kampuni." Hapo kwangu Bombambili! Mnyama mkubwa niliyewahi kumkaribia ni wa bustani ya Ruhila, na kati yetu palikuwa na wavu.

Picha za makampuni zikaanza kumiminika simuni. Zote moja: mzungu kapiga goti, nyati kalala, bunduki imeegemezwa mgongoni kwa marehemu. Nikakuza moja kwa vidole, nikaona ukingoni mkono mweusi umeshika pembe ili kichwa kisilale upande. Mwenye mkono kakatwa pichani. Naapa ndiye aliyemfuata huyo nyati tangu alfajiri, nyayo kwa nyayo, mavi kwa mavi.

Kampuni ya kwanza inajisifu kuwindisha Tanzania tangu 1970 bila kukatika. Bila kukatika? Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii 1973, ikaufungulia 1978. Miaka hiyo mitano waliwinda nini, panya? Ya pili imeleta ramani ya Selous, kambi iko palepale ukingoni mwa Rufiji ambapo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Humo watu huenda na kamera. Ukienda na bunduki, nyara utakayorudi nayo ni hati ya mashtaka.

Ya tatu nikaiuliza kiungwana: kitalu ni chenu, mlishinda mnada wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, au mmejibanza kwa mwenye nacho? Mwindaji bingwa wenu nani, na leseni yake iko wapi? Nikajibiwa kwa picha ya bafu la hemani, maua yakielea majini.

Nikamwandikia binti ujumbe mrefu kuliko barua ya posa: aulize kitalu, aulize leseni, amuulizie na yule mwenye mkono. Akajibu, "Asante baba. Ameshachagua ile yenye bafu."

Sasa mama jirani kasikia neno nyati. Jana kaja na ndoo, anaagiza paja la nyuma, lisilo na mafuta, kwa sababu ya presha. Nikamweleza kwamba mgeni anafuata kichwa na pembe.

"Basi hatugombani," akasema. Ndoo kaiacha barazani kwangu.